Mchungwa Hauvuliwi Sketi

Wanawake wa mtaa ule, enzi za uhai wao, walisema mchungwa hauvuliwi sketi. Matawi ya chini yaliachwa yaburuze vumbi, na mtoto aliyetaka chungwa alitambaa chini yake kwa tumbo. Hawakusoma popote. Walijua tu kwamba ganda la mchungwa ni jembamba kama ngozi ya mtoto, na jua la Tucson, mji wa jangwani, halina huruma. Wanawake hao wamekwisha. Waliokuja baada yao wakiuona mti wenye sketi huuona mchafu.

Tello Bojórquez alizaliwa mtaani humo, katika nyumba ya udongo yenye mchungwa mmoja uani. Mama yake, Doña Refugio, alikitoa kikonyo cha mti huo, kijiti chenye macho, kwao Magdalena, ng'ambo ya mpaka, akakivusha kimefungwa kitambaa kibichi kifuani, akakibebesha juu ya shina la mdanzi wenye miiba, vikawa mti mmoja. Machungwa yake yalikuwa madogo, yenye mbegu tele, hayakuwa na sura ya sokoni. Lakini aliyeyala hakuyasahau, au ndivyo Tello alivyoamini.

Mama alipokufa, ndugu walitaka kuiuza nyumba. Tello peke yake alikataa. Wengi wape, ikauzwa. Yeye akahamia chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara kuu, akaendelea kutunza bustani za watu mpaka mgongo ukapinda. Mwisho nyumba ikafika kwa Bibi Lindquist, mjane kutoka nchi ya theluji, mtu wa roho nzuri. Alimruhusu mzee aingie uani atakapo kuutunza mti, naye Tello hakuomba kitu ila machungwa machache kila Januari. Aliumwagilia kwa nadra na kwa wingi, ndani ya tuta la mduara, maji yazame mpaka kusikofika joto.

"Ukiunywesha kidogo kidogo kila siku," alimwambia yule mama, "unaiita mizizi ije juu. Na juu kuna nini? Moto na chumvi."

Mwaka mmoja alilazwa hospitali kwa ajili ya mapafu. Aliporudi ilikuwa Juni, na mchungwa ulisimama na miguu mitupu, umekatwa matawi ya chini yote hadi usawa wa kifua. Upande wa magharibi ganda lilikuwa limeanza kupasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta mkongwe. Bibi Lindquist akamwambia nani aliyekata. Alikuwa Chuy, mwana wa dada yake Tello, mtu mzima mwenye wajukuu, anayezunguka na lori na misumeno.

Tello alimkuta akipakia majani.

"Chuy! Nani kakutuma umvue bibi yako sketi mchana kweupe?"

"Mjomba, si unisalimu kwanza!"

"Salamu nimeziacha hospitali. Nijibu."

"Yule mama alitaka mti uonekane mti. Kwao ndivyo wanavyokata. Mimi ningemwambiaje?"

"Ungemwambia hapana. Neno dogo hilo, hata kasuku analiweza."

"Ukisema hapana huku, kesho anaitwa mwingine."

"Basi angeitwa mwingine! Angekata mtu asiyejua. Wewe ulilelewa chini ya mti ule, ukijificha kila ulipovunja sahani."

Chuy alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akavua kofia. "Nikuletee chokaa, mjomba?"

"Lete. Na magunia."

Wakalipaka shina chokaa na kutundika magunia upande wa jua la alasiri. Bibi Lindquist alitoka na maji ya baridi, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, Mzee Tello. Sikujua."

"Wewe hukujua," alisema Tello, asimtazame Chuy.

Matawi yalikauka moja baada ya jingine, likabaki moja la kaskazini. Tello akaliwekea tumaini lake lote. Joto lile lilikuwa kali mno kwa kubebesha. Ila tawi likivumilia mpaka jua lipungue, angeyatoa macho ya tawi hilo, yanakochipukia majani, na kuyabebesha juu ya shina jingine, na chungwa la mama yake lisingepotea. Kule Magdalena mti mama ulikwisha kung'olewa zamani. Kila alfajiri alikuja kulikwangua kwa ukucha. Kijani. Akarudi tena. Kijani.

Siku ya Mtakatifu Yohana ikafika, siku ambayo zamani watu waliandamana hadi mtoni kuipokea mvua, wasichana wakimwagiana maji kwa ndoo. Sasa mto ni mchanga na matairi. Mvua ilichelewa mno, na ilipokuja ilikuwa haba. Agosti ikawaka kama tanuri.

Asubuhi moja Bibi Lindquist alimpokea mlangoni akipiga makofi. "Njoo uone! Mti wako umefufuka!"

Na kweli, machipukizi manene yalisimama chini ya shina, yanang'aa kwa ubichi. Tello hakuyagusa kwanza. Alilikwangua tawi la kaskazini. Kahawia. Akakwangua juu zaidi, na chini zaidi. Kahawia. Ndipo akainama, akaitazama miiba mirefu ya machipukizi, akafikicha jani, akalinusa.

"Huu ni mdanzi, bibi. Ulikuwa umembeba mwenzake mgongoni miaka yote. Sasa umebaki peke yake."

"Hautazaa machungwa?"

"Utazaa madanzi. Makali, yanakunja uso."

Tello akaketi juu ya tuta, mikono magotini.

"Wewe uliyala ya Januari," alisema. "Yalikuwaje?"

"Matamu."

"Matamu vipi?"

Bibi Lindquist alifikiri kwa muda mrefu, kwa dhati, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Tello alimngoja, kichwa amekiinamisha upande wake.

"Matamu tu, Mzee Tello," akasema mwishowe. "Kama machungwa."