Mtu wa Gunia wa Shamba la Ujamaa

Jamani, leo sinema imezua kesi nyumbani kwetu Lushoto.

Tulikuwa sebuleni na babu na bibi. Kwenye sinema kuna jamaa anavaa kinyago na kupiga wezi. Hana nguvu zozote za ajabu, ni ngumi zake tu.

Bibi akasonya. "Mtu mwema afiche uso wa nini? Mwizi huyo."

Akatusimulia. Enzi za Ujamaa, viazi vya shamba la kijiji vilikuwa vinaibwa. Akatokea mtu kajifunika gunia usoni, akawa anafukuza wezi alfajiri kwenye ukungu. Kijiji kizima kikamsifu. Bibi mpaka leo anaamini huyo wa gunia ndiye aliyekuwa anaiba.

Babu akakohoa.

"Mama Rehema, yule nilikuwa mimi."

Hata sinema niliisahau.

Bibi akamkazia macho. "Kama ulikuwa unalinda, ulijificha ya nini?"

"Mwizi alikuwa kaka yako. Angenitambua, ndoa yetu ingevunjika."

Sasa bibi ana kaka wawili, na wote wanakuja kula hapa Jumapili.

"Yupi?" akauliza.

Babu katoka nje, eti anaangalia ng'ombe. Mpaka naandika hapa hajarudi.

Nyie mngemtaja?