Nilichomoa RAM ya mama aliyenipa pa kulala

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Nina miaka 27, nimekulia Ihanja, sasa niko Kiomboi, nachapa barua na mikataba kwenye ofisi moja binafsi. Wengine mtanitukana. Tukaneni, ila someni hadi mwisho.

Nilipoanza kazi sikuwa na pa kulala. Mchapaji mwenzangu, nitamwita Mama G, wa miaka hamsini na kitu, alinichukua nyumbani kwake miezi mitano bila kunidai hata sabuni. Mimi namwamkia shikamoo, yeye ananiita mwanangu. Lakini ukweli ni kwamba nilimwonea wivu. Yule mama anachapa bila kutazama vidole, na bosi kila siku, "Mwangalie mwenzio." Kompyuta yangu ilikuwa nzito, hadi barua ifunguke umemaliza kikombe cha chai.

Siku moja akaja fundi. Akafungua CPU zetu zote mbili, akapuliza vumbi, akanionyesha kidude chembamba kama rula fupi. "Hii ndiyo RAM. Za mama ziko mbili, ya kwako moja, ndiyo maana inajikokota. Ongezeni nyingine." Bosi akasema hanunui kitu. Tena kazi imepungua, baada ya mavuno atabaki na mchapaji mmoja tu.

Wiki ileile Mama G akafiwa na dada yake, akaenda kuzika. Nilifunga mlango wa ofisi, nikachomoa RAM yake moja, nikaichomeka kwangu. Sikusita, nisiwadanganye.

Aliporudi, mashine yake ikawa inaganda. Anabonyeza, herufi hazitokei, anadhani hazijaingia, anabonyeza tena, barua zinatoka na maneno mawilimawili. Bosi akaja juu, akaniuliza mbele yake kama mashine ni mbovu. Nikasema, "Mashine nzima bosi, fundi alishaiangalia. Ni mama tu, mawazo ya msiba, na umri nao." Mama G akainamisha kichwa. "Mtoto anasema kweli, vidole vyangu vimekuwa vizito." Halafu akaniomba na mimi samahani kwa kunichelewesha. Mwezi uliofuata akaachishwa kazi. Siku hizi anapepeta alizeti za watu.

Jumapili iliyopita akaniita kwake. Nikakuta amechora kibodi kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, ameiweka mezani. "Mwanangu, nafanya mazoezi. Nisomee barua, shika saa, uniambie ukweli." Vidole vyake vilikimbia juu ya lile boksi, mimi nasoma nashindwa kumfikia. Angenishinda mara mbili. Nikamwambia, "Bado mama, umepungua sana." Akashukuru kwa kuwa sikumficha, akanipakulia ugali na mlenda, nikala.

Sasa Ijumaa bosi kaniambia kazi zimezidi, anafikiria kumrudisha Mama G, ila anataka kunisikia mimi kwanza. Kwamba mimi ndiye ninayemjua, bado anaweza? Nikisema anaweza, atakaa kwenye mashine ileile, itaganda tena, fundi ataitwa, ataifungua na kuona pengo. Nikirudisha kile kidude kimyakimya, atachapa kama zamani na mimi nitarudi kuambiwa mwangalie mwenzio. Nikisema hawezi, yamekwisha, atapepeta alizeti mpaka azeeke. Na hata akisikia ni mimi niliyesema, ataona nimesema kweli.

Jumatatu asubuhi bosi anataka jibu. Naombeni mnisaidie mawazo, nimwambie nini? Ila msiniambie nikamwangukie Mama G miguuni. Namjua yule mama, atanisamehe palepale, na hilo siliwezi.