Mafuta Yalikokuwa Yakienda

Soko la pamba lilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua mbegu zake, Bariadi ilianza kunuka mafuta. Mashine za kukamua zilichipuka nyuma ya nyumba za watu, na mama yangu naye akataka yake. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akauza ng'ombe waliobaki zizini, akaleta mashine na injini ya dizeli, na ukoo mzima wa baba ukabaki mdomo wazi. Aliyewaka zaidi ni baba mdogo. Alisema wale ng'ombe walikuwa wa ukoo, na chuma hakizai ndama. Mwishowe wakakubaliana kwamba ikifika mavuno mapya bila faida kuonekana, mashine itauzwa na fedha zirudi zizini.

Shida ilikuwa kwamba mafuta yetu yalikuwa machache. Jirani alikuwa na mashine ya aina ileile na alichukua mbegu kiwanda kilekile cha kuchambua pamba, lakini madumu yake yalijaa, yetu yakisuasua. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, kazi yangu kumimina mbegu kwenye mashine, na kiherehere cha kutaka kujua mambo sikukosa. Nikamwambia mama kwamba mafuta hayawezi kuyeyuka hewani. Lazima yapo mahali. Tukaanza kuyawinda.

Tulianzia chini. Sakafu ya udongo ilikuwa imelewa mafuta, ukikanyaga unateleza, tukaipiga saruji. Kitambaa cha kuchujia tulikisokota mpaka mikono ikauma. Tulishona magunia yaliyovuja mbegu. Kisha nikagundua kwamba mafundi wetu wawili walijipaka mafuta miguu na mikono kila jioni kabla ya kuondoka, na walikuwa wakipeleka mengine nyumbani kwenye viganja. Ndiyo maana watoto wao waling'aa kanisani kuliko wa mtu yeyote. Mama aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema hayo yaache yaende. Nilimpenda sana siku ile.

Bado madumu hayakujaa.

Asubuhi moja niliokota kipande cha mashudu, yale makapi ya mbegu yanayotoka mashine ikishakamua, kikiwa bado cha moto. Nilikifinya bila kuwaza lolote. Nilipofungua mkono, kiganja kilimetameta. Nikakimbia kwa jirani, nikafinya ya kwake: unga mkavu mtupu. Furaha niliyoipata sijui niielezeje. Fundi alikaza nati kubwa ya mbele, ile inayobana mbegu, tukaanza pia kupasha mbegu moto kabla ya kuzikamua, na ndani ya wiki ile madumu yakajaa. Mama akaanza kuimba nyimbo za kwaya akifanya kazi.

Halafu mashudu yakadoda. Mwanzoni wafugaji wa Ngulyati waliyagombea kulishia ng'ombe wao, hata hayajapoa. Sasa walikuja, wakasalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakachota kidogo, wakafinya, wakafungua mkono na kuutazama. Kisha wakapangusa ule unga kwenye nguo na kuaga kwa heshima zote. Hakuna aliyetuambia kitu. Lundo likapanda mpaka dirishani, mvua ikalipata, likaanza kuvunda. Tulichokipata kwenye madumu tulikuwa tunakipoteza uani, na mavuno yalikuwa yanakaribia. Mama aliacha kuimba. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, baba mdogo asije akaliona lile lundo.

Akaja. Mama alimwekea kigoda, hakukaa. Hakuuliza habari za mafuta wala faida. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo, akachimba mpaka penye makavu, akafinya, akautazama mkono wake, kisha akageuka kwa hasira kutuuliza tumeyafanya nini mashudu. Hapo ndipo ilipojulikana. Kiangazi chote alikuwa akimtuma mtu amnunulie kwetu, kwa kuwa aliona haya kuonekana na magunia ya ile mashine aliyoitukana. Ng'ombe wake walikuwa wametoa maziwa wakati ng'ombe wa wenzake wamebaki mbavu tu, na tangu tulipokaza nati maziwa yalikuwa yamepungua.

Mama aling'ata mdomo asicheke.

"Shemeji," alisema taratibu, "mashine ukiiuza, hao ng'ombe utawalisha nini?"

Baba mdogo aliisogelea mashine. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama hasa.

"Legezeni kidogo," alisema.

Mama alichukua spana mwenyewe, akalegeza, si mpaka pale pa mwanzo bali katikati, na injini ikawashwa. Mafuta tuliyoyawinda msimu mzima tukawa tunayarudisha kwenye mashudu kwa mikono yetu, na baba mdogo amesimama mbele ya mashine, kiganja wazi, akingoja kipande cha kwanza.

Mama alimtoza bei ya watu wote. Naye baba mdogo akayapakia magunia mwenyewe kwenye baiskeli yake, akaisukuma kupitia katikati ya soko, mchana kweupe.