Waya Nyekundu ya Gitaa

Fundi wa simu hapa Kapsoit akianza kuchoma solda, ule moshi unanibana kifua, natoka nje.

Nilipokuwa mdogo, Baba alipasha chuma kwenye jiko, akaunga kwa solda swichi kwenye gitaa la besi la kanisa, ya kuchagua kati ya zile sumaku mbili zilizo chini ya nyuzi. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwonya: likinyamaza tena akipiga Jumapili, gitaa anapewa mwingine. Alijaribu, likanguruma. Akatabasamu, akaliacha wazi, akaenda kupeleka maziwa.

Anko, ndugu yake, akainama akaing'oa waya nyekundu ya swichi, akaiegemeza palepale ionekane bado imeungwa. Alipoinuka akaniona mlangoni.

"Umeona nini wewe?"

"Sijaona kitu, anko."

"Msichana mzuri." Akanivunjia kipande cha muwa.

Baba alirudi akakaza skrubu za kifuniko bila kuangalia. Jumapili kanisani akasukuma swichi mbele, akairudisha nyuma. Kimya. Watu wakaanza kucheka.

"Leta nijaribu, kaka," anko akasema. Akafungua kifuniko, akabonyeza waya, besi ikalia. Wazee wakampigia makofi.

Baba hakushika gitaa tena. Aliyemharibia ni anko, naandika wazi. Na ule muwa niliumaliza.