Njia Isiyo na Kona

Mwezi Mei mwaka huu nilirudi kwenye ile njia, peke yangu, na kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa kona. Sikuiona. Nilikwenda na kurudi mara tatu kwa baiskeli ya kukodi, baina ya stesheni ya zamani yenye saa iliyosimama na daraja la mawe, na kila mara njia ilikuwa ile ile, imenyooka kama uzi uliovutwa. Mwisho nilikaa ukingoni, mto ukipita chini yangu, nikala pichi lisilo na ladha, nikajisemea haya ambayo sasa nataka kukwambia wewe.

Nikueleze kwanza njia yenyewe. Iko kusini mwa Ufaransa, kwenye bonde la mto ambao nyumbani kwetu Harrow, kwa Waingereza, hakuna aliyewahi kulitamka jina lake sawasawa. Zamani ilikuwa reli. Treni zilipoacha kupita wakang'oa vyuma, wakamwaga changarawe laini na kukataza magari, wakawaachia watu wa baiskeli. Vilima vimejaa mizabibu kushoto na kulia, lakini wewe unakwenda chini kwenye usawa, unaingia kwenye mahandaki yenye baridi, unatoka juani tena. Hupandi wala hupindi, kwa sababu treni haikupenda kupanda wala kupinda. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kulifahamu hilo. Mimi nililifahamu.

Baba ndiye aliyeleta habari zake. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na alikuwa akienda kazini kwa baiskeli mpaka siku gari la mizigo lilipomgonga begani na kumtupa kwenye ua wa watu. Mama akaifungia baiskeli bandani na ufunguo akautia mfukoni. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Baba alikulia Pemba, alikuwa akibeba magunia ya karafuu kwa baiskeli kupita vilima kabla hajaota ndevu, na kumnyima baiskeli kulikuwa kama kumnyima miguu. Alinenepa, akawa mkali. Jumapili alikuwa akisimama dirishani akitazama magari yakipita.

Jirani yetu, bwana mmoja mstaafu aliyependa kusafiri, alimwonyesha ramani ya ile njia juu ya uzio. Baba aliingia ndani nayo kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama aliitazama muda mrefu.

"Hakuna gari hata moja?"

"Hata moja. Wamekataza."

"Basi nenda nao. Lakini unirudishie watoto wangu wazima."

Alitukaangia visheti, akavitia kwenye kopo la aiskrimu, akatuwekea na chapati za siku mbili, kwa sababu hakuamini kwamba Ufaransa kuna kitu cha kuliwa kisichoguswa na nguruwe. Baba alifunga mizigo yote kwenye keria za nyuma kwa mipira ya tairi iliyochanwa, namna walivyofunga magunia kwao. Watu wenye mabegi yao mazuri ya pembeni walikuwa wakitupita na kugeuka. Tulikuwa watatu: mdogo wangu wa miaka minane mbele, mimi katikati, baba nyuma akitulinda.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Ninakumbuka sauti ya changarawe chini ya matairi, harufu ya mahandaki, mkate wa moto ulioliwa na visheti kwa sababu jibini la pale lilitushinda. Baba alikuwa akiimba. Alitazama vile vilima akasema ni Pemba tu, imekosa karafuu. Sikuwahi kumwona hivyo kabla ya hapo, na sikumwona tena baadaye.

Kulikuwa na sharti lake moja. Kwao mtu mzima hapitwi ukiwa juu ya baiskeli. Ukimwona mzee njiani unashuka, unakokota, unamwamkia, halafu unapanda tena. Baba alisema kumpita mzee ukiwa umekaa ni kumrushia vumbi usoni, na adabu haiachwi bandarini. Kwa hiyo kila tulipokutana na bibi anayetembeza mbwa au babu mwenye mkongojo, tulishuka wote watatu, tukapanga mstari, tukasema "bonzhuri" kwa pamoja. Wengine walifurahi mno. Bibi mmoja alitupatia chupa ya maji ya matunda. Mdogo wangu aliupenda mchezo huo, akawa anawatafuta wazee kwa macho tangu mbali.

Siku ya tatu jioni tulimshukia babu mmoja mbele ya watoto wa rika langu, wana kofia ngumu za rangi na baiskeli zinazong'aa. Wakatucheka. Msichana mmoja alishuka kwenye baiskeli yake, akainama mpaka chini akituiga, na wenzake wakapiga makofi. Usiku nikiwa hemani nilikula kiapo: sishuki tena kwa mtu.

Kesho yake asubuhi tuliiacha stesheni yenye saa iliyosimama. Mdogo wangu alikuwa ametutangulia sana. Kwa mbali nilimwona anashuka. Kulikuwa na bibi mwenye kikapu cha plamu, na mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya njia, baiskeli ameilaza mbele yake, ananipungia mkono ili na mimi nishuke. Nilimwona vizuri kabisa. Baina yetu palikuwa na nafasi kama uwanja mzima wa mpira. Nikapiga kengele anipishe. Akacheka, akadhani nami nimefurahi. Nikapiga tena na sikushika breki. Nilitaka aruke. Nilitaka aogope, aache kunitia aibu, nipite nimekaa kama watu wengine.

Hakuruka.

Nilimvaa, akaangukia chini ya ukingo, kwenye mawe ya mto. Ninachokiona hata leo ni plamu zikibingirika kwenye changarawe, na yule bibi amepiga magoti anazungumza maneno ambayo sikuyaelewa. Baba alifika akitweta. Kabla hajaniuliza lolote nilisema, "Kulikuwa na kona, baba. Sikumwona."

Baba aligeuka akaitazama njia tuliyotoka. Aliitazama, halafu akanitazama mimi. Akasema, "Sawa." Kisha akateremka kwenye mawe.

Mfupa wa paja ulivunjika mahali pabaya, karibu na nyonga. Tulikaa wiki mbili hospitali, baba akitia saini karatasi asizoweza kuzisoma. Mguu uliungana, lakini ulikuja mfupi kwa vidole viwili, na mdogo wangu, aliyekuwa mchezaji bora wa skuli yake, hakukimbia tena. Kichwa nacho kilikuwa kimegonga jiwe. Mpaka leo anakumbuka plamu tu.

Mama alitupokea mlangoni. Aliniuliza mimi kwanza, na mimi nikamwambia habari ya kona. Baba alikuwa nyuma yangu ameshika mabegi. Nilingoja aseme. Akasema, "Makosa yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kushuka."

"Adabu zako za Pemba," mama alisema, "ndizo zilizomlemaza mwanangu."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Mama alikuwa na desturi ya kumpa baba chai mkononi kila alipotoka kazini, anasubiri mpaka apige funda la kwanza ndipo aondoke. Tangu siku ile alikuwa akiiweka juu ya kabati la jikoni na kwenda zake. Baba alikuwa akiikuta imepoa, akiinywa hivyo hivyo. Miaka yote niliyokaa nyumba ile, na yote baada ya kuolewa, kikombe kilikuwa juu ya kabati. Nilikuwa nikikiona kila nilipokwenda kuwatembelea, na mdomo wangu sikuufungua. Mwaka baada ya mwaka ile kona ikazidi kuwa ya kweli kichwani mwangu, nikaipandia mpaka miti.

Mama tulimzika majira ya baridi mwaka juzi. Na mwaka huu mdogo wangu, ambaye hajafika hata miaka arobaini, ameambiwa nyonga imekwisha, lazima wamtie ya bandia. Alinipigia simu akicheka: "It's fine, dada, nitakuwa kama mpya." Nilipokata simu nikanunua tiketi ya Ufaransa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Harrow. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Binti yangu, aliyenifuata, alipita mbele yake ana vidude vyake masikioni, akasema "Hi, Babu" bila kupunguza mwendo, na baba akamwitikia kwa upole. Hafundishi mtu adabu tena. Aliacha siku ile, na hakuna hata mmoja katika wajukuu anayejua kwamba kuna mahali watu hushuka.

Nilikaa chini miguuni pake. "Baba, nimetoka kule. Pale hapana kona."

"Hapana," akasema. "Haikuwapo."

"Ulijua."

"Nilikuwa nyuma yako, mwanangu. Niliona kila kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Alifikiri, akijisugua lile bega lake.

"Mama yako alikuwa hana budi amkasirikie mtu. Mimi nilikuwa mtu mzima. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja."

Nililia, na hakunizuia. Sikuweza hata kumwomba radhi, maana ni radhi ya mambo mangapi? Ya mguu wa mdogo wangu, au ya mke aliyeishi naye miaka yote hiyo nyumba moja na hakumpata tena? Mama ameondoka anaamini maneno yangu. Hilo halina wa kulirekebisha.

Nikaenda jikoni nikachemsha chai, nikatia hiliki kama alivyokuwa akitia mama. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye lile kabati, nikauzuia. Nilimpelekea mkononi. Baba alikitazama kikombe, akakipokea kwa mikono miwili. Nilisimama pale nikingoja apige funda la kwanza, naye alikaa nacho, hanywi, mpaka kikapoa.