Mgeni Hatapokea Chakula

Mimi si mtu wa kukaa kwenye komite. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, hapa Butembo, kisha nikaolewa. Lakini mtu wa chuo kikuu akitaka kufanya utafiti juu ya watu, dosie yake inapita kwanza mbele ya komite ya maadili, na sheria yao inataka mezani awepo mtu mmoja asiye wa chuo, wa kusema kama watu wa mtaani wataelewa ao wataumia. Mtu huyo ni mimi. Walinichagua, nadhani, kwa sababu ninasoma bila kutikisa midomo, na kwa sababu mimi ni mushindi. Ndivyo tunavyoitwa huku sisi tuliougua Ebola tukapona. Sijui kama tulishinda kitu. Mume wangu hakushinda, na alikuwa na nguvu kunipita.

Mbele ya ugonjwa nilikuwa nauza mandazi kwenye mlango wa shule. Niliporudi kutoka kituo cha matibabu cha Beni, na karatasi yenye muhuri inayosema nimepona, nilikanda unga tena. Batoto walikuja mbio kama zamani. Mama zao wakawavuta mikono. Nilirudi nyumbani na beseni limejaa, nikala mandazi mpaka yakakauka. Siwalaumu wale mama. Ningekuwa mmoja wao ningevuta vilevile, na labda ningepiga na kelele.

Sasa ninashona. Nguo haiingii mdomoni. Wateja wanakuja, ninawapima wakiwa wamesimama mlangoni, na nikisema, "Ingia ukae, chai iko motoni," wananijibu, "Mama, niko na haraka." Wengine ni kweli wana haraka. Shida yangu ni kwamba siwezi kuwajua, kwa hiyo ninawaona wote sawa, na hiyo si haki.

Kiti cha mume wangu kiko karibu na dirisha. Ninaweka vitambaa juu yake ili kisikae kitupu. Binti yangu aliolewa Kasindi, anapiga simu siku ya Mungu kisha misa. Ana batoto wadogo, na barabara ile kila mtu anaijua, watu wanauawa humo. Simwambii aje.

Siku moja kiongozi wa chama chetu cha washindi alinipigia.

"Mama, kuna munafunzi mumoja wa chuo, binti muuguzi, anatafuta washindi benye banaishi peke yabo, Butembo na Beni. Anapenda kufika mu nyumba, kukaa na mutu tangu asubuhi mpaka mangaribi, kuona namna anaishi. Nikuandike?"

"Niandike," nikasema. Sikumuacha hata amalize.

Toka hapo nikaanza kufikiri nitapika nini. Mutu atakaa kwenye kile kiti siku nzima! Maharagi niliyaona ya kila siku. Nikafikiri sombe ya karanga, yale majani ya muhogo, na samaki wa Kyavinyonge kama soko litakuwa nao, na bundu laini, ugali wetu. Nikaangalia na kuku wangu, yule jike mweusi. Nilitoa vitambaa kwenye kiti, nikavirudisha, nikavitoa tena. Ninaandika haya kwa sababu nataka ijulikane kwamba nilikuwa ninangoja kwa furaha, na kwamba sikufikiri kamwe kwamba dosie ya binti huyo itapita mezani kwetu. Ningefikiri kidogo ningejua. Sikufikiri.

Tarishi wa chuo aliniletea bahasha kama kawaida, wiki moja mbele ya kikao. Niliisoma polepole. Ilikuwa kazi nzuri, yenye heshima. Aliandika kwamba mtu anaweza kukataa kujibu, anaweza kumfukuza hata katikati. Aliandika kwamba atakuja kwa miguu toka barabara kubwa, bila gari na bila jile, kile kizibao cha watu wa misaada, ili majirani wasiulize. Nikasema moyoni, huyu ametukumbuka. Magari meupe yakisimama mbele ya nyumba wakati ule wa ugonjwa, mtaa mzima ulifunga milango.

Kisha nikafika kwenye kifungu cha mwenendo wa mtafiti. "Mtafiti hatapokea chakula, kinywaji wala zawadi yoyote kutoka kwa mshiriki."

Nikaweka karatasi chini.

Kwetu, mtu akiingia nyumbani kwako na chakula kikatoka, anaonja. Hata kama ameshiba, anakata tonge moja. Mbele ya ugonjwa, kukataa ilikuwa ni kukosa adabu tu, watu wanacheka, inapita. Kwetu sisi washindi, kisha ugonjwa, kukataa kuna maana moja. Nilimuona binti huyo akikaa kwenye kiti kile, akiniuliza majirani wananiona namna gani, akiandika jibu langu, halafu sahani inatoka na anasema, asante Mama, sheria inanikataza. Asubuhi mpaka mangaribi. Na baadaye anaenda kwa mwengine, na kwa mwengine.

Siku ya kikao Butembo iliamka na ukungu mpaka madirishani. Prezidenti wa komite ni daktari, mtu mpole. Kuna padiri, kuna na juriste, mwalimu wa sheria, ambaye anasoma kila mstari wa kila dosie, na kwa hiyo ninamheshimu. Wengine hawakufika. Wakibishana wao kwa wao wanaingia Kifaransa, kisha wananikumbuka na kurudi Kiswahili.

Prezidenti aliuliza swali ambalo huwa anaanza nalo: "Kuna mwenye iko na intérêt, jambo lake mwenyewe, mu dosie hii?"

Kwa kawaida hapo kila mtu anatafuta miwani yake. Mimi nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Miye, Docta. Niko kati ya benye batatembelewa."

Wakanitazama. Juriste ndiye aliyesema, na alisema taratibu, sauti ya mtu anayemuonea mwenzake huruma lakini kazi ni kazi.

"Donc, Mama, njia ni mbili. Unatoka, tunajadili bila weye, na munafunzi atafika kwako. Ao unabaki, unasema yako, mais unatoka mu étude, hatafika kwako. Vyote viwili, hapana."

"Mama, toka tu," padiri akasema. "Inje kuna jua kidogo. Siye huku tutakufa na baridi juu ya makaratasi."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikachukua kapu langu, nikasimama. Nilitaka kutoka. Siwezi kuandika kwamba sikutaka. Nilijisemea: padiri ni mwana wa hapa, atakiona kile kifungu. Prezidenti atakiona. Mimi ni nani wa kuona zaidi yao? Nilifika karibu na mlango, nikauliza tu, "Kile kifungu cha chakula, mumekisoma?"

"Ah, kile kizuri sana!" juriste akasema. "Nimekitia alama. Mama mujane iko na kuku moja, aichinje juu ya munafunzi? Hapana. Tunalinda batu."

Na alikuwa na haki, nilikuwa nimekwisha kumtazama yule kuku mweusi kwa jicho la kisu. Lakini padiri alikuwa anakubali kwa kichwa, na prezidenti amegeuza ukurasa.

Nikarudi, nikaweka kapu chini ya meza. "Basi ninabaki."

Prezidenti akaniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akakata jina langu kwenye orodha ya watakaotembelewa, nikaona kalamu ikipita.

Sikusema vizuri. Nilianza na mandazi, nikapotea, nikarudi. Nilisema kwamba mutu akikataa chakula chetu tunarudi mule mwenye tulitoka, kwenye kutengwa. Juriste alinipinga. Alisema mtafiti akila, mutu atajibu ya kumpendeza mgeni. Alisema pia, na hapa alitafuta maneno, kwamba tuna daraka na afya ya binti yule, watu wote si wasafi. Hakunimaanisha mimi. Nadhani hakunimaanisha mimi.

"Aonje," nikasema. "Kijiko kimoja. Kile chenye kimekwisha kuiva. Hapana kuchinja."

Wakamuita mwanafunzi aingie. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiri, na sweta ya kuazima, maana alitoka Beni kwenye joto.

"Ma fille," prezidenti akamuuliza, "unaogopa kula kwabo?"

"Docta, hapana!" Alishika mdomo. "Niko naona haya. Kifungu kile nilikiona mu dosie za benzangu, nikasema kama sikitie mutanirudisha. Kwetu nikikataa sahani ya mama wa mutu, mama yangu mwenyewe atanifunga inje."

"Atafanya muzuri," padiri akasema.

Waliandika upya: mtafiti ataonja kilichokwisha kuiva, na hatakubali mnyama achinjwe kwa ajili yake. La mnyama lilitoka kwa juriste, na lilikuwa bora kuliko langu. Tukapiga kura, dosie ikapita. Kabla ya kufunga, prezidenti alikumbusha kama kawaida kwamba yaliyosemwa mezani yanabaki mezani. Binti alitushukuru wote, mmoja mmoja. Aliponifikia akasema "Wasingya kutsibu, Mama," kwa Kinande chetu. Hakujua kwamba jina langu lilikuwa kwenye orodha yake asubuhi ile, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia.

Nilimuona mara moja tu baadaye, akishuka kwenye mteremko wetu, kwa miguu kama alivyoandika, akienda kwa mushindi mmoja wa kule chini. Nilikuwa mlangoni na sindano. Alinipungia mkono, akapita. Alifanya vema. Angesimama, ningemwita ndani ale, na mimi ndiye ningevunja sheria.

Mwezi uliofuata nilishuka Beni kupimwa macho, kama sisi washindi tunavyofanya. Nikalala kwa mwenzangu, yule aliyekuwa kitanda cha pembeni yangu kituoni. Anaishi peke yake nyuma ya uwanja wanakoanika kakao. Alikuwa anageuza mbegu kwenye bashi, turubai la plastiki, mikono inanuka siki, na aliponiona hakunisalimu hata.

"Ndugu yangu, alikula!"

"Nani?"

"Munafunzi wa chuo! Nilimuwekea sombe, nikasema hii ataiangalia tu, kama bengine. Akakata tonge. Kisha akasema, Mama, iko na chumvi kidogo tu, unaweza kuongeza? Aliomba chumvi! Mutu mwenye anaogopa, anaomba chumvi?" Alicheka mpaka akakaa juu ya kakao ya watu. "Kijiko hakukipangusa. Nilikuwa namuangalia. Hakukipangusa."

Nikamuuliza sombe aliipika namna gani, na karanga ao na mawese. Nikamuuliza binti alikaa wapi, na alipoondoka alimsindikiza mpaka wapi. Alinieleza yote, na nilipomaliza maswali nikaanza upya, naye akaeleza upya, kwa furaha ileile. Kuna wakati nilitaka kumwambia. Angejivunia mimi. Lakini ya mezani ni ya mezani, na tena sina hakika. Labda padiri angekiona kifungu kile hata bila mimi, nami ningekuwa na cha kueleza kama mwenzangu.

"Na weye?" akaniuliza, akipangusa machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. "Kwako alifika siku gani?"

"Bado," nikasema.

"Atafika tu. Ule mutoto ni muzuri. Upike sombe, anaipenda. Na upunguze chumvi, utaona namna ataomba."

Nikamwambia nitapunguza. Tukainama wote wawili, tukaendelea kugeuza kakao.