Maji ya Kisima cha Jirani

Juzi nilikuwa ofisi ya kata nikisubiri muhuri, watafiti wa maji wakaja kutoa majibu ya vipimo. Kinamama wawili, majirani, walikaa benchi moja. Mtafiti akasema kisima cha mmoja ni salama, ila cha mwenzake kina floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto wetu wa chini ya Mlima Meru yawe ya kahawia.

Mwenye kisima kibaya akajifunika mdomo kwa kanga.

"Pimeni tena. Tumetenganishwa na ua tu! Mimi nina pampu mpya ya Dubai, yeye bado anavuta kwa kamba. Iweje maji mazuri yawe yake?"

"Mama, kipimo hakijui pampu ya nani," mtafiti akamjibu.

Jirani akamgusa goti. "Njoo uchote kwangu, dada."

Mwenye pampu akauondoa mkono ule taratibu.

"Nitachota, kwa ajili ya watoto. Lakini asante usiitegemee leo."

Nimeona wenye kijicho wakikataa hata salamu. Yule alikubali maji. Mimi sijui kama ningeweza.